Skafu ya Lwanda Magere

Katika hekaya ya Waluo, mwili wa Lwanda Magere ulikuwa jiwe. Udhaifu wake ulikuwa kwenye kivuli chake. Katika skafu hii, kijivu ni jiwe na mweusi ni kivuli. Tafuta sokoni Kibuye, Kisumu, uzi wa kijivu gramu 200, mweusi gramu 50, na sindano za kufumia za milimita 4.

Anza na vitanzi 41. Fuma kimoja cha kawaida (uzi nyuma ya sindano), kimoja cha kinyume (uzi mbele ya sindano), na kila mstari uanze na cha kawaida. Ndipo vijiwe, yaani vinundu vidogo vya mfumo huu, huchomoza vizuri. Ukiona mifereji ya wima, kuna mstari ulioanza na cha kinyume: fumua hadi hapo.

Sentimita 130 zikitimia, ingiza mweusi upande wa mbele. Mstari wake wa kwanza fuma wote kawaida, la sivyo madoa ya kijivu yatapenya kwenye kivuli cheusi. Kisha endelea na vijiwe sentimita 20. Uzi wa akriliki usiupige pasi, vijiwe vitalala.