Kumvusha binti Desemba: anza Septemba

Huku Tarime, Tanzania, mpakani na Kenya, ukeketaji una kalenda yake. Msimu wenyewe ni likizo ya Desemba, hasa mwaka unaogawanyika kwa mbili, wazee wa mila wakisharuhusu. Mwalimu mwenzangu, anza kazi Septemba. Desemba shule imefungwa na huna tena daftari la mahudhurio la kukuonyesha nani hayupo.

Tega sikio wasichana wanapocheza. Wakianza kuchekana "msagane", yaani asiyekeketwa, nyumbani maneno yameshaanza. Angalia na manunuzi. Nyumba iliyoshindwa kununua madaftari, leo ina khanga mpya na mwavuli? Binti akishakatwa hutembezwa barabarani kwa nyimbo chini ya mwavuli, noti zimebanwa kwa pini kifuani. Mwavuli huo si wa mvua.

Zungumza naye peke yake, bila mahubiri. Akariri 116, simu ya bure ya watoto. Mkubaliane nyumba ya kukimbilia usiku, na neno la siri. Letu ni "Mwalimu, nimesahau daftari." Nikilisikia kwenye simu ya mtu yeyote, siulizi kitu, natafuta bodaboda.

Kutoa taarifa ndiko nilikoungua. Mwaka mmoja nilimwambia kiongozi mmoja wa mtaani, sikujiuliza kwamba naye ana mabinti. Usiku uleule mtoto akavushwa mpaka wa Sirari kwenda Kenya. Sheria ya Kenya ya 2011 inamshika hata anayemwingiza mtu nchini ili akeketwe, lakini tulipompata alikuwa ameshakatwa. Siku hizi naenda moja kwa moja Dawati la Jinsia na Watoto la polisi, au kwa afisa ustawi wa jamii, na jina la binti halitoki hapo. Wao ndio wanaompeleka nyumba salama, kama ya Masanga au ya Mugumu kule Serengeti.

Baba usimtishe mwanzoni. Kifungo cha miaka 5 hadi 15 kwa mzazi au mlezi anayemkeketesha binti wa chini ya miaka 18 kipo kwenye sheria ya Tanzania tangu 1998, naye anakijua. Anachohesabu ni ng'ombe wa mahari, basi ongea naye ng'ombe: mtaje binti wa jirani asiyekatwa, aliyeolewa vizuri. Bibi ndiye mgumu. Kwa bibi mimi huenda na sukari, na hurudi mara tatu.

Ukichelewa, usigombe. Damu ikitoka, bana kwa kitambaa safi, wahini hospitali. Majivu na dawa za majani, hapana. Mwambie nesi wazi kilichotokea, na uulize sindano ya pepopunda.

Januari waliokimbia hurudishwa, wazazi wakishaandikishana ahadi mbele ya polisi na ustawi. Wiki ya pili pita nyumbani kwao bila taarifa. Kaa, kunywa uji, kisha umtume binti maji, umwangalie anavyotembea.