Kuvuka huzuni kwa kuijua Nafsi: namna ya kuifuata njia ya Vedanta

Vedanta ni falsafa ya Kihindu inayojengwa juu ya Upanishad, maandiko ya kale yaliyo sehemu ya Veda, vitabu vitakatifu vya Kihindu. Katika mojawapo, Chandogya Upanishad, sura ya 7, mwenye hekima Narada anamwendea mwalimu Sanatkumara akiwa amebeba elimu ya kila namna: Veda zote nne, sarufi, hesabu, elimu ya nyota, hata ya nyoka. Bado ana huzuni. Amesikia kwamba anayeijua Nafsi huvuka huzuni, basi anaomba avushwe. Nafsi hapa ni Atman: yule anayejua kila kinachopita akilini bila yeye mwenyewe kupita.

Usianze siku za mwanzo za msiba. Katika Bhagavad Gita, mazungumzo ya shujaa Arjuna na Krishna kabla ya vita, sura ya kwanza yote inaishia kwenye majonzi ya Arjuna, na mafundisho yenyewe huanza ubeti wa 11 wa sura ya 2, baada ya Arjuna kusema katika ubeti wa 7 kwamba sasa ni mwanafunzi na anaomba afundishwe. Mpangilio huo una maana. Jamii nyingi za Kihindu hutenga siku 13 za ibada baada ya kifo. Ziache zipite, lia, pokea wageni. Na kama aliyefiwa ni mwenzako, usimkaribishe kwa ubeti usemao wenye hekima hawawalilii waliokufa. Hajakuuliza.

Ukiwa tayari, tenga dakika 20 kila siku, saa ileile. Kaa mgongo ukiwa wima, acha pumzi itulie kwa dakika tatu au nne. Kisha mkumbuke marehemu kwa makusudi na uangalie huzuni inakaa wapi mwilini: koo limekaba, kifua kizito, tumbo limejikunja. Usiiondoe. Tambua tu kwamba mkabo huo unaonekana, na kinachoonekana si yule anayeona. Hii ndiyo mbinu ya kumtenganisha mwonaji na kinachoonwa, na huenda ngazi kwa ngazi: umbo huonwa na jicho, jicho hujulikana na akili, akili nayo hujulikana na shahidi, yaani ile Nafsi, ambaye hana wa kumwona.

Sehemu ngumu ni ngazi ya akili, kwa sababu huko huzuni huvaa jina lako. Likija wazo “mimi nimekwisha”, liseme upya kimoyomoyo: “kuna wazo kwamba nimekwisha.” Halafu uliza: wazo hili linajulikana na nani? Usijibu kwa maneno. Jibu la “mimi ni Atman” likija upesi, nalo ni wazo jingine, liulize vilevile. Baki kimya pale swali linapokwama, hata kwa sekunde chache. Wazo likirudi mara hamsini, uliza mara hamsini. Ramana Maharshi (1879–1950), mwalimu wa kiroho wa India, alifundisha swali hilihili, “mimi ni nani?”, wala hakuliruhusu liwe mantra ya kukariri.

Zoezi la pili ni la asubuhi, na wengi hulipuuza. Brihadaranyaka Upanishad inasema katika usingizi mzito baba si baba tena, mama si mama, na mtu amezivuka huzuni zote za moyo. Basi unapozinduka, kabla hujainuka kitandani, kuna nukta ndogo ambapo upo lakini habari ya kifo haijarudi. Iangalie. Ndipo inakuja: jina, sura, kisha uzito. Ukiona mfuatano huo kwa macho ya ndani, unajua kwamba wewe ulikuwepo kabla ya huzuni kufika. Hoja hii kitabuni inasomeka kavu; kitandani haibishaniki.

Mambo huharibika kwa njia mbili hasa. Kwanza, mtu humgeuza shahidi kuwa ngao: hasikii chochote, anajiita mtulivu, kumbe amezima hisia. Dalili yake ni kukerwa na machozi ya wengine. Dawa ni kurudi mwilini, kwenye kile kifua kizito, na kukaa nacho. Pili, mtu huona kumjua shahidi ni kumkana marehemu. Katika Brihadaranyaka hiyohiyo, mwenye hekima Yajnavalkya alimwambia mkewe Maitreyi kwamba mume hapendwi kwa ajili ya mume, bali kwa ajili ya Nafsi. Kwa msomaji wa Advaita, tawi la Vedanta linalofundisha kwamba Nafsi ni moja tu, ulichokipenda kwa marehemu hakikuwa mbali nawe hata siku moja. Wafuasi wa Madhva, mwalimu wa tawi jingine la Vedanta, hawatakubali, kwao roho hubaki tofauti milele. Wao huielekeza huzuni kwa Vishnu, Mungu wao, kwa ibada, nayo ni njia kamili.

Usingizi na chakula vikikataa kwa majuma, au ukianza kutaka kufa, simamisha zoezi na umwone daktari. Kujichunguza kunahitaji akili yenye nguvu kidogo ya kusimama.

Tarajia huzuni kurudi siku ya shraddha ya mwaka, ibada ya kumkumbuka marehemu, ambayo hufuata kalenda ya mwandamo wa mwezi. Siku hiyo fanya ibada kwanza, zoezi lako la dakika 20 lifuate baadaye.