Panga Mbio za Kupokezana kwa Kuanzia kwa Anayesubiri

Dakika 1 na sekunde 40. Muda huo wote kijana wetu wa kipande cha tatu alikuwa katikati ya barabara, kijiti mkononi, akizunguka kama mtu aliyepotezewa mtoto sokoni, akiliita jina la mwenzake aliyekuwa kwenye foleni ya choo. Alikuwa amekimbia kilomita 5 zake vizuri kuliko siku yoyote ya mazoezi, na hilo ndilo lililotuponza: alifika mapema. Ruhusa ya kwenda chooni niliitoa mimi, nahodha. "Nenda tu, huyo bado ana dakika kumi."

Tangu siku hiyo napanga mbio za kupokezana kwa kuanzia kwa mtu anayesubiri. Manahodha wengi huanza na swali la nani ana kasi. Kasi mtakwenda nayo mliyo nayo. Wiki mbili kabla ya mashindano hakuna utakachomwongezea mtu miguuni. Lakini sekunde zinazomwagika pale kijiti kinapobadili mikono, hizo karibu zote unaweza kuziokota.

Anza na kanuni za mashindano yenyewe, na uzisome mwenyewe, usisimuliwe. Tafuta kwanza mnapokezana nini. Kuna mbio za kijiti, kuna za mshipi wa kitambaa unaovaliwa begani, kuna za kugusana mkono tu, na siku hizi kuna za kuvuana mkanda wenye chipu ya kupimia muda kifundoni. Halafu tafuta eneo la kupokezana lina urefu gani. Kanuni za kimataifa za mbio za barabarani zinaweka mstari wa kati, kisha mita 10 kabla yake na mita 10 baada yake, na makabidhiano yote yanatakiwa yamalizikie humo ndani. Ukitoka nje ya mita hizo 20 kwa furaha ya kupokea, kikosi kizima kinaweza kufutwa. Angalia pia kama mtu mmoja anaruhusiwa vipande viwili (mara nyingi haruhusiwi), majina ya akiba yanafungwa lini, na kama kuna muda wa mwisho wa kila kituo. Katika Hakone Ekiden, mbio za vyuo vikuu vya Japani zilizoanza mwaka 1920, kikosi kikiachwa mno na kinachoongoza, anayesubiri huamriwa kuondoka bila kupokea mshipi wa wenzake. Anavaa mwingine wa waandaaji. Nimeona picha za mkimbiaji anafika kituoni na mshipi wake mkononi, anayempelekea ameshaondoka. Usije ukamfanyia hivyo mtu wako kwa sababu tu hukusoma ukurasa wa nne.

Sasa vikosi. Klabu yenye watu 18 ina majaribu yake: unachukua sita wenye kasi unaita A, sita wanaofuata unaita B, waliobaki C. Kwenye karatasi inapendeza. Ila C ya namna hiyo ni mkusanyiko wa wageni watupu, hakuna hata mmoja aliyewahi kusimama kituoni, na ndiyo inayopotea njia. Mimi huiacha A iwe A, maana wamefanya kazi kuipata. B na C nazichanganya: kila kimoja kinapata watu wawili wazoefu, hata kama mmoja wao angestahili kuwa B na amenuna kidogo. Atanyamaza siku ya mbio.

Na la kugombana nalo kabisa: asubuhi ya mashindano mtu wa A ameamka na homa. Watu watakuambia, "Nahodha, mchukue yule wa B, ana kasi." Niliwahi kukubali. A ilimaliza nafasi ileile ambayo ingeimaliza kwa mtu wa akiba, na B ikaanza mbio ikiwa na watu watano, mmoja wao akilia. Akiba iandikwe mapema, ifanye mazoezi na kikosi, na ikiitwa iingie. B isiguswe.

Mpangilio wa vipande unategemea njia. Mgawanyo unaotumika sana wa kilomita 42.195 ni vipande sita: 5, 10, 5, 10, 5, na mwisho 7.195. Wakenya waliukimbia hivyo huko Chiba, Japani, mwaka 2005 kwa saa 1:57:06, yaani kama dakika 2 na sekunde 47 kwa kila kilomita, watu sita mfululizo. Sisi wengine tunahesabu kwa namba za kibinadamu zaidi.

Kipande cha kwanza hakihitaji mwenye kasi kuliko wote, kinahitaji asiyebabaika. Pale mnaanza msongamano, viwiko vinagongana, na A wa klabu nyingine wanapaa kama wamefukuzwa. Mtu mwenye tamaa ataenda nao kilomita moja na nusu halafu aje kituoni akiburuta miguu. Vile virefu vya kilomita 10 wape watu wanaoweza kukimbia peke yao. Kufikia kipande cha nne vikosi vimetawanyika. Unaweza kukimbia nusu saa huoni mgongo wa mtu mbele wala husikii nyayo nyuma. Wapo wakimbiaji wazuri sana ambao bila mtu wa kumfukuza wanageuka kuwa watembezi. Unawajua, unakimbia nao kila Jumamosi.

Mgeni mimi humweka kipande cha tatu. Ni kifupi, kiko katikati, na akiteleza kuna watatu mbele yake wa kurekebisha. Lakini jambo ninalolitazama zaidi ni nani anampelekea kijiti. Mgeni apokee kwa mtu ambaye mwendo wake unatabirika, yule mzee wa klabu anayekimbia dakika 4:45 kwa kilomita jua likiwaka au mvua ikinyesha. Kusubiri ndiko kunakomchosha mgeni. Ukimwambia "atafika saa mbili na dakika kumi" na akafika saa mbili na dakika kumi, mgeni ataondoka akiwa na akili zake.

Hesabu yenyewe inafanywa hivi. Chukua B yangu ya mwaka mmoja, mbio zikianza saa 1:00 asubuhi:

Wa kwanza, kilomita 5 kwa mwendo wa 4:30: dakika 22:30. Anakabidhi saa 1:22 na nusu.
Wa pili, kilomita 10 kwa 4:45: dakika 47:30. Anakabidhi saa 2:10.
Wa tatu, kilomita 5 kwa 5:00: dakika 25. Anakabidhi saa 2:35.
Wa nne, kilomita 10 kwa 4:36: dakika 46. Anakabidhi saa 3:21.
Wa tano, kilomita 5 kwa 5:12: dakika 26. Anakabidhi saa 3:47.
Wa sita, kilomita 7.195 kwa 4:40: dakika 33 na nusu hivi. Anamaliza saa 4:20 na ushee.

Usimpe mtu saa moja tu, mpe dirisha. Kwa kila saa iliyokwisha kukimbiwa, na sehemu ya saa kwa uwiano huohuo, natoa dakika 2 upande wa kuwahi, naongeza 4 upande wa kuchelewa, na hata kwa wa pili sishuki chini ya dakika moja ya kuwahi, kwa sababu wa kwanza siku zote ana wazimu wa mwanzo. Kwa hiyo anayengoja kipande cha tano, ambaye kijiti chake kinatarajiwa saa 3:21, ninamwandikia kwenye karatasi ya mfukoni: 3:16 hadi 3:30. Kuanzia 3:16 yuko kwenye mstari, amevua nguo za juu. Anaanza kupasha mwili saa 2:50, anamaliza 3:05, choo ni sasa na si baadaye, kisha anabaki anatembeatembea na koti lake mpaka 3:14. Karatasi hiyo nawaandikia kwa mkono, herufi kubwa. Simu huzimika, na mkimbiaji mwenye woga hasomi ujumbe mrefu.

Kila kituo kinahitaji mtu asiyekimbia. Akiba, mchumba wa mtu, mwanachama mwenye goti bovu kama langu, yeyote. Huyo ndiye anayekwenda mita 200 au 300 nyuma ya kituo, anachungulia barabara, na akiona jezi yetu anapiga simu au anainua kitambaa. Jezi zinafanana kwa mbali kuliko unavyodhani. Tuliwahi kushindana na klabu mbili zenye bluu kama yetu, na mpokeaji wetu akamkimbilia mtu asiye wetu akiwa amenyoosha mkono. Yule bwana naye nusura ampe kijiti. Siku hizi kila kikosi chetu kina kofia za rangi yake: A njano, B nyekundu, C nyeupe. Kofia inaonekana juu ya vichwa vya watu, jezi haionekani.

Kuhusu mizigo kuna ujanja ambao ulinichukua miaka kuugundua, na aibu ni kwamba ni rahisi. Anayepokea anaacha begi lake kituoni. Anayefika hana kitu, amelowa jasho, na koti lake liko kituo cha nyuma. Basi mabegi yasifuate watu, yafuate kijiti: anayefika analichukua begi la aliyempokea, anavaa fulana kavu na kunywa maji aliyowekewa humo, na analibeba mpaka mwisho, ambako mwenyewe atalikuta. Kila begi lina fulana ya saizi kubwa, chupa ya maji, na jina. Begi la yule wa kwanza analibeba mtu wa kituo. Tangu tuanze hivyo hatujaacha kiatu barabarani.

Na gari? Gari moja likikimbizana na kikosi chote litakwama kwenye barabara iliyofungwa. Wapelekwe vituoni mapema, wakae huko. Waende na kiti cha kukunja na uvumilivu.

Makabidhiano yenyewe yafanyieni mazoezi mkiwa mmechoka. Watu wanafanya mazoezi ya kijiti wakiwa wabichi, wanacheka, wanasema tumeiva. Mkimbiaji aliyetoka kukimbia kilomita 10 kwa nguvu zote mikono yake inatetemeka na macho yake yanaona kidogo. Nawakimbiza mita 800 kwa kasi, halafu hapohapo wanakabidhi. Hii si mita 100 mara nne, ambapo mpokeaji ananyoosha mkono nyuma bila kutazama. Barabarani mpokeaji anatazama. Anasimama akiwa ameelekea anakokwenda, kiwiliwili kimegeuka nusu, macho kwa anayekuja. Mkono uwe wazi, kiganja juu, usimame tuli; usiupunge. Aliyechoka anaweza kulenga kitu kilichotulia, kitu kinachocheza hawezi. Mpokeaji anaanza kusogea mwenzake akiwa na hatua nne au tano kumfikia, mwendo wa polepole tu, na hakimbii kwa kasi mpaka vidole vyake vimefunga. Anayefika naye ana kazi moja: asipunguze mwendo mpaka mkono wake uwe mtupu. Wengi hupumua mita 5 kabla, wakiuona mstari, na hapo ndipo kijiti kinapoanguka.

Mshipi una taratibu zake. Wajapani, ambao walikimbia mbio zao za kwanza za namna hii mwaka 1917 kutoka Kyoto hadi Tokyo, wanauvaa begani, ukikatiza kifua hadi kiunoni. Anayefika anauvua mita mia kadhaa kabla ya kituo na kuukunja kiganjani, kisha mwishoni anaunyoosha kwa mikono miwili ili mpokeaji aunyakue katikati na kujivika huku anakimbia. Ukiuvua mstarini utakunasa sikioni. Mkanda wa chipu kifundoni ndio ninaouchukia: mtu anainama, kichwa kinazunguka, anakaa chini. Mtu wa kituo auvue, kama kanuni zinaruhusu. Kama haziruhusu, mpokeaji apige goti na kuuvua mwenyewe, maana yeye ndiye mwenye vidole vinavyosikia.

Ukishapokea, shika adabu ya kilomita ya kwanza. Kijiti kina pepo. Mtu aliyekubali kwa kinywa chake kukimbia 4:45 anapokea, anasikia jina lake linaitwa, anaipiga ya kwanza kwa 4:15, na kilomita ya saba unamkuta anaongea na miti. Sekunde 30 alizochuma mwanzo anazirudisha na riba ya dakika mbili. Amri yangu ni moja: kilomita ya kwanza saa yako isisome chini ya mwendo tuliokubaliana. Wale unaowapita njiani usiwahesabu pia. Wengine ni wa C ya klabu fulani, wengine ni watu wa mazoezi tu waliotoka nyumbani kwao.

Mkimaliza, kabla ya picha na kelele, kusanya vijiti na chipu, hesabu mabegi, hesabu watu. Yule wa kipande cha pili yuko njiani bado, ana njaa, na hakuna aliyemkumbuka.

Usiku huo huo ninafungua daftari. Lina safu mbili: muda niliomkadiria mtu na muda aliokimbia. Mwaka ule wa choo, mstari wa tatu unasomeka 25:00 na 22:50. Mwaka uliofuata nilimwandikia 23:00, akakimbia 23:05, na mwenzake alikuwa mstarini, mkono wazi, koti keshavua.