Ask na ask for: lini unauliza, lini unaomba

Kiswahili kimetenga kuuliza na kuomba. Kiingereza cha kila siku kinatumia kitenzi kimoja, “ask”, na kazi ya kutenganisha maana hizo mbili kimemwachia kihusishi kidogo, “for”. “I asked the price” ni niliuliza bei. “I asked for a receipt” ni niliomba risiti. Ukiidondosha “for” ukasema “I asked a receipt”, maana yake inakuwa umeihoji risiti yenyewe.

Kabla ya kufungua mdomo, angalia unachokitaka: kinamalizwa na jibu, au lazima upewe? Chenji, maji, msaada, likizo, nyongeza ya mshahara ni vya kupewa, kwa hiyo weka “for”. Swali, saa, bei na jina la mtu kwa kawaida ni vya kujibiwa, kwa hiyo acha. Ndiyo maana “I asked for a question” ni kosa, labda kama ulikuwa mtahiniwa unayemwomba msimamizi akupe swali jingine. Njia ina vituko vyake: “ask the way” haina “for”, ila “ask for directions” inayo, ingawa mwenyeji atakuonyesha barabara ileile.

Mtu unayemwomba anakaa mara tu baada ya “ask”, bila “to” katikati, kisha “for”, kisha kitu: “I asked my boss for two days off.” Hapa ndipo wengi wetu tunapoteleza. Nilimwomba bosi siku mbili ni Kiswahili safi, kwa kuwa kuomba hubeba mtu na kitu kwa pamoja bila kihusishi chochote. Ukiihamisha hivyo hivyo unapata “I asked my boss two days off”, na sentensi inachechemea. “I asked to my boss” nayo imeambukizwa na “I said to my boss”. “Say” inaitaka “to”, “ask” inaikataa. “I asked money from my brother” imetoka kwenye “borrow”, ambayo kweli huenda na “from”. Sema “I borrowed money from my brother”, lakini “I asked my brother for money”.

Mtego mkubwa zaidi ni ile -ea ya kuombea. Shuleni tumezoea kwamba kauli ya kutendea hutafsiriwa kwa “for”: kupikia ni “cook for”, kununulia ni “buy for”. Basi nilimwombea Asha kazi inageuka “I asked for Asha”. Mwingereza atakuelewa, ila ataelewa jambo jingine kabisa: ulifika mapokezi au ulipiga simu ukataka kuonana au kuzungumza na Asha. Ukitaka kusema ulimwombea kazi, taja vyote: “I asked for a job for Asha”, au “on Asha's behalf” kama barua ni rasmi. Kuulizia nako kuna pande tatu. Unapomuulizia mtu ili umwone, ni “ask for”. Unapotaka habari zake, ni “ask about”. Ukimjulia hali kupitia ndugu yake, ipo “ask after”: “She asked after your mother.” Hiyo ya mwisho ina harufu ya ukale kidogo, lakini kwa watu wa salamu ndefu kama sisi inafaa kuijua.

Barua za maombi zina ugonjwa wao: “I request for leave.” Kitenzi “request” kimeshabeba maana ya kuomba, hakihitaji msaada. Andika “I request leave” au, bila ukarani mwingi, “I would like to ask for leave.” “For” inarudi “request” inapokuwa nomino: “my request for leave”. Wanaoandika “request for” kama kitenzi wanachanganya nomino hiyo na “ask for”.

Zipo chache zinazovunja utaratibu. “Ask a favour” inaweza kwenda bila “for” hata ukimtaja mtu: “Can I ask you a favour?” Na “permission” inakubali njia mbili, “ask his permission” au “ask him for permission”. “Ask him permission” haikubaliki.

Jambo jingine, na hili si la sarufi: ukiwa mezani usiseme “I ask for water.” Naomba maji ni adabu kwetu, lakini “ask for” husimulia ombi zaidi kuliko kulitoa. Unapoomba papo hapo, sema “Can I have some water, please?” Baadaye ukilalamika kwamba hayajaletwa ndipo useme “I asked for water.”

Sokoni utasikia mpangilio uliogeuzwa: “He's asking 50,000 for it.” Pesa ndiyo inafuata “ask”, na kitu kinachouzwa kinafuata “for”. Maana yake muuzaji anataka elfu hamsini, hajaomba chochote. Na mtu akikuambia “You asked for it” baada ya kuumia, hajakupa zawadi. Anasema umeyataka mwenyewe.

Katika swali, “for” hubaki mwishoni: “What did you ask for?” Usiimeze. “What did you ask?” ni uliuliza nini, ile yenye “for” ni uliomba nini. Mwishoni hapo hutamkwa wazi, tofauti na katikati ya sentensi, ambako hufifia hadi karibu “fa”. “Asked” nayo ni silabi moja tu. Ukisema “asikedi” umeongeza irabu zisizokuwepo. Waingereza wengi wakiongea haraka huiangusha hata hiyo “k”, ikasikika kama “aast”. Kwa hiyo “I asked for” inaweza kukufikia kama “ai aast fa”, na hiyo “fa” ndogo ndiyo itakayokuambia kama mtu aliuliza au aliomba.