Mpira wa mkojo wodini: hatua za kuzuia maambukizi na bili isiyo ya lazima

Mimi ni muuguzi wa wodi ya upasuaji hapa Kisumu. Karibu robo tatu ya maambukizi ya njia ya mkojo ambayo wagonjwa huyapata hospitalini hutokana na mpira wa mkojo, yaani katheta inayoingizwa kibofuni kutoa mkojo. Kila siku unapokaa ndani, uwezekano wa vijidudu kuota kibofuni huongezeka kwa asilimia 3 hadi 7. Kwa hiyo pesa nyingi huokolewa kwa kuutoa mapema.

1. Kabla ya kuuweka, taja sababu. Mkojo umeziba, mgonjwa ni mahututi na mkojo wake lazima upimwe kila saa, au upasuaji wenyewe unadai. Kulowesha shuka peke yake si sababu, hata usiku ambapo wauguzi ni wachache. Tumia daipa, bedpeni, au kwa wanaume mpira wa nje unaovaliwa kama kondomu.

2. Nawa mikono, vaa glavu tasa (zisizo na vijidudu), tumia mpira mwembamba unaotosha, kisha ubane pajani usivutwe.

3. Kila asubuhi kwenye raundi, uliza kwa sauti: "Daktari, huu mpira bado una kazi?" Hatua hii ndiyo naisisitiza kuliko zote. Andika tarehe ya kuuweka juu ya mfuko unaokusanya mkojo na kwenye faili, kwa sababu daktari wa zamu mpya mara nyingi hajui hata kama upo. Wengi waliofanyiwa upasuaji wanaweza kutolewa mpira ndani ya saa 24.

4. Chunga mfuko. Ukae chini ya kiuno lakini usiguse sakafu. Tazama mgonjwa anapopelekwa eksirei: mfuko huwekwa tumboni pake, na mkojo uliokaa humo unarudi kibofuni. Mwambie anayesukuma kitanda, na jamaa pia: "Mama, ukimgeuza mzee, mfuko ubaki chini." Usiutenganishe mpira na mfuko bila sababu, na kila mgonjwa awe na chombo chake cha kumwagia.

5. Usipime mkojo kwa sababu tu umechafuka au unanuka. Pima kukiwa na homa, maumivu ya kiuno au kuchanganyikiwa kwa ghafla. Chukua sampuli kwa sindano kwenye tundu la kuchukulia sampuli lililo kwenye mpira, kamwe usiichukue mfukoni. Vijidudu bila dalili kwa kawaida havihitaji dawa, isipokuwa kwa mjamzito au kabla ya upasuaji wa njia ya mkojo. Antibiotiki zinazotolewa ovyo hapa ndizo hujenga usugu wa vijidudu, kisha familia inatumwa duka la dawa kununua sindano za bei kali.

6. Hesabu hasara. Chukua faili la mgonjwa mmoja aliyeambukizwa, ujumlishe siku za kitanda zilizoongezeka, vipimo, dawa na glavu. Ongeza nauli ya jamaa kutoka Siaya au Bondo na siku alizokosa sokoni, ingawa haziandikwi kwenye bili yoyote. Marekani, tangu Oktoba 2008, bima ya Medicare hailipi hospitali ziada kwa maambukizi haya. Kwetu, sehemu kubwa huangukia familia.

Mpe inchaji jumla hiyo pamoja na maombi ya vifaa vya mwezi, na glavu na mifuko yenye bomba la kutolea chini ziandikwe juu kabisa.