Kufika Grenen, ncha ya Denmark inayogusa bahari mbili

Panda treni kutoka Frederikshavn hadi Skagen, kisha uende kwa baiskeli au gari mpaka maegesho ya Grenen, kilomita chache kaskazini mwa mji. Kuanzia hapo kwa miguu ni kama nusu saa. Usikate katikati ya mchanga mkavu, utachoka kabla ya kufika. Fuata ukingo wa maji, palipolowa na kushikamana. Asiyeweza kutembea apande Sandormen, tela la abiria linalokokotwa na trekta. Majira ya baridi halipo.

Chagua siku yenye upepo. Bahari ikitulia utaona maji tu, na wengi hurudi wakinung'unika. Upepo ukivuma, mawimbi ya bahari ya Skagerrak kutoka magharibi na ya bahari ya Kattegat kutoka mashariki hugongana kwa pembe na kurusha povu juu ya fungu la mchanga. Maji ya Kattegat yana chumvi pungufu kuliko ya Skagerrak, kwa kuwa hupokea maji ya Baltiki, bahari isiyo na chumvi nyingi.

Kulowesha miguu, sawa. Kuogelea hapana: ni marufuku, kwani mikondo ni mikali na sakafu ya bahari hushuka ghafla. Ncha yenyewe huhama kila dhoruba, kwa hiyo picha ya mwaka jana isikuongoze.

Ukikuta mtoto wa sili, mnyama wa baharini, amelala peke yake, usimrudishe majini, anapumzika. Kaa mbali, mbwa umfunge kamba. Funika kamera pia: mchanga unaopeperuka hukwaruza lenzi.