Una mgonjwa wodini? Namna ya kumkinga na bakteria wa hospitali

Hapa Moshi mtu akilazwa kwa mguu uliovunjika kwenye bodaboda, afu wiki inayofuata anaanza homa na kukohoa, ndugu wanagawanyika hapohapo, wapo wanaosema kuna mkono wa mtu na wapo wanaosema hospitali chafu. Uchafu unachangia kweli, ila bakteria wengi wa kesi hizo mgonjwa kaja nao mwenyewe kutoka nyumbani kwake Kibosho, au wamefika kitandani kupitia mikono ya anayemhudumia, yangu na yako ikiwemo. Mtu mzima wa afya hawamsumbui. Mfano bakteria anayeitwa stafilokokasi anaishi puani kwa karibu watu 3 kati ya 10 na wanadunda tu, klebsiela na ikolai wengi tunao tumboni sa hivi tunavyosoma. Sudomonasi anapenda majimaji, yani sinki, bomba, dekio lisilokauka, na asinetobakta anaweza kukaa pakavu kwenye chuma cha kitanda wiki kadhaa. Ndo hao wanaitwa bakteria nyemelezi, hawana ubavu wa kumwangusha mtu mwenye afya ila kinga ikishuka na ngozi ikitobolewa wanaingia.

Na wodini ngozi inatobolewa kila siku kwa nia njema kabisa: kanula (kile kimrija cha kupitishia dawa kwenye mshipa), operesheni, na bado kuna mpira wa mkojo na ule wa kupumulia kule ICU, wodi ya mahututi. Hata Ulaya wanaugua hivihivi. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya 2022 inasema kati ya wagonjwa 100 wanaolazwa, 7 kwenye nchi tajiri na 15 kwenye nchi za kipato cha chini na cha kati wanapata angalau maambukizi mamoja wakiwa hospitali. Kwahiyo uwe KCMC, Mawenzi au Mount Meru kule Arusha, we unayeuguza una kazi zaidi ya kuleta hotpoti.

Mikono kwanza. Sabuni na maji ni sekunde 40 mpaka 60, sanitaiza sekunde 20 mpaka 30 mpaka ikauke yenyewe, usifutie kwenye khanga. Unafanya kabla ya kumgusa mgonjwa na baada ya kumgusa, na ukishagusa mkojo, kidonda au kitanda cha jirani. Mgonjwa akiharisha acha sanitaiza tumia sabuni, kuna bakteria anaitwa klostridia difisili mbegu zake haziuliwi na spiriti. Na glavu sio kinga ya mazingaombwe jamani, unakuta mtu kamwaga mkojo nayo, afu glavu ileile anafungulia chupa ya uji.

Sasa mpira wa mkojo, hapa nakaa kidogo maana ndo panapoharibika sana. Mfuko unatakiwa uwe chini ya kibofu muda wote, uning'inie kwenye kitanda bila kugusa sakafu. Kosa linatokea mgonjwa akipelekwa eksirei, anakalishwa kwenye wilchea na mtu kwa huruma anamwekea mfuko mapajani, au akiwa kwenye machela unalazwa juu ya tumbo, mkojo uliokaa unarudi kibofuni na bakteria wake. Ukiona hivyo ushushe wewe, huhitaji ruhusa. Angalia mpira haujajikunja wala mgonjwa hajaulalia. Kumwaga, mwaga kabla haujajaa, kwenye chombo chake peke yake, na ile koki ya chini isiguse chombo. Usiuchomoe mfuko kwenye mpira hata ukivuja, ita nesi. Bakteria wakishakaa kwenye plastiki wanatengeneza utando wa utelezi ambao dawa inapenya kwa shida sana, ndo maana kila siku ya ziada ni hatari ya ziada. Raundi ikifika uliza kwa adabu tu, "Shikamoo dokta, samahani, huu mpira bado anauhitaji?" Swali hilo hilo linafaa na kwa kanula ambayo haipitishi dawa tena. Kanula yenyewe iangalie kila asubuhi, ikiwa pamevimba, pekundu, panauma, au plasta imelowa wakati wa kumwogesha, sema siku hiyohiyo.

Kidonda usikifungue kumwonyesha mtu. Baba mdogo akitoka Machame atataka kuona nyuzi, mwambie utampigia picha ya kidonda, nesi akiruhusu. Usipake asali wala spiriti kwa ushauri wa mgonjwa wa kitanda cha pili. Bandeji ikiloa usaha wa kijani wenye harufu kama ya utamu-utamu, huyo mara nyingi ni sudomonasi, mwite nesi aone kabla haijatupwa.

Asiyejiweza kugeuka mgeuze kila masaa mawili, na pale juu ya makalio pawe pakavu, kidonda cha kulala kikitokea hapo choo kinaingia moja kwa moja. Mtori umpe akiwa amekaa au kichwa kimeinuliwa vizuri, sio amelala chali, unaopotea njia unaenda kwenye mapafu na bakteria wa mdomoni. Ndo maana kumpigisha mswaki ni muhimu kuliko watu wanavyodhani.

Halafu kuna hii ya kununua antibayotiki duka la dawa na kumpa kimyakimya usiku. Sipendi kabisa. Dawa isiyo yake inafagia bakteria wapole wa tumboni na kuwaachia nafasi wale sugu, dokta naye anashangaa mbona dozi haishiki. Daktari akitaka usaha au mkojo uoteshwe maabara, kubalini mapema, majibu yanaweza kuchukua siku mbili tatu lakini yanaonyesha dawa ipi inamuua huyo mdudu.

Wageni wapungue. Mwenye mafua asalimie kwa simu, asikae kitandani.

Cha mwisho ni kujua lini pa kukimbia. Homa na kutetemeka, kuhema haraka, kuongea visivyoeleweka wakati jana alikuwa sawa, mkojo kupungua ghafla, hayo yanaweza kuwa maambukizi yameingia kwenye damu, hayasubiri raundi ya asubuhi. Nenda meza ya manesi hata kama ni saa nane usiku, na uwe umeandika kwenye simu: homa imeanza saa ngapi, mpira wa mkojo una siku ngapi, kanula iliwekwa lini, dawa gani kapewa. Ukifika na hayo huulizwi mara mbili mbili.